Kumfuata Deo Mashimoni Walikale

Wenzangu wa kwaya, mliniona nimerudi Goma nimekonda, uso umechomwa na jua, na kila aliyepita kwenye cherehani yangu aliuliza swali moja: "Furaha, ulifika? Ulimuona?" Niliwajibu vipande vipande, huyu hiki na yule kile, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye nguo za watu na moyo ulikuwa bado njiani. Leo nimefunga mlango mapema. Nawaandikia yote kwa mfululizo, kama yalivyonitokea.

Mnajua nilivyoondoka. Mlima wetu wa Bihambwe, ule ambao babu zangu walilima maharage na mihogo, umekutwa na madini ya koltani. Wachimbaji walianza chini, karibu na mto, wakawa wanapanda kidogo kidogo. Juu kabisa kuna kaburi la Baba. Mama, ambaye siku hizi anaishi Muheto kwa ndugu zake, alisema mifupa ya mumewe haiwezi kutupwa na sepeto za watu wasiomjua. Ihamishwe. Na wa kupiga jembe la kwanza lazima awe Deo, mtoto wake wa kwanza. Mchungaji alimwambia kwamba Mungu hajaandika mahali popote kuwa lazima awe mtoto wa kwanza. Mama akamjibu, "Mungu hakuandika, lakini baba yake Deo alisema."

Sasa Deo alikuwa wapi? Alikwenda Walikale kuchimba kasiterite, mawe ya bati, nilipokuwa msichana wa shule. Miaka ya kwanza alituma salamu, na cherehani hii mnayoijua ilinunuliwa kwa jasho lake la huko. Halafu sauti yake ikakatika. Namba yake ikawa haipiti, na sisi tukabaki kumtaja katika sala pamoja na wagonjwa na wasafiri, tusijue ni yupi kati yao.

Goma mpaka Bihambwe

Nilimchukua Innocent, yule dereva wa moto, pikipiki ya abiria, anayeimba kila kona. Nilimchagua kwa sababu aliwahi kubeba bidhaa hadi Walikale, na kwa sababu haogopi tope. Pale Mubambiro, mbele ya kambi ya askari, tulisimamishwa kwenye bariyeri. Mistari ya moto na malori ilikuwa mirefu, na jua lilikuwa limeanza kuuma. Nikanunua sambaza, visamaki vya ziwani vya kukaanga, kwa mama mmoja, nikazila nimesimama, mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mwenye bunduki alipofika kwetu, aliuliza, "Mama, unaenda wapi?"

"Walikale."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta kaka yangu. Anachimbaka kule."

Alicheka bila ubaya. "Kila muntu iko na kaka yake kule," akasema. "Ukimuona wa kwangu, umusalimie." Akatufungulia. Nilidhani ni mzaha, lakini tulipoondoka niligeuka, nikamwona bado anatutazama.

Baada ya Sake barabara inapanda. Hewa ikawa ya baridi, malisho ya ng'ombe yakatanda pande zote, na mawingu yakatembea chini yetu kama moshi wa jikoni. Nilikuwa sijapita huko kwa muda mrefu. Kila kilima nilikijua, na kila kilima kiliniuliza nilikokuwa.

Kisha tukafika Bihambwe, nikamwambia Innocent asimame.

Upande mmoja wa mlima wetu ulikuwa kijani kama zamani. Upande wa pili ulikuwa umechunwa kama mbuzi aliyetundikwa, udongo mwekundu na mweupe, mashimo kila mahali, na watu kama siafu wakishuka na magunia mpaka kwenye maji ya kuoshea mawe. Mti wa avoka, parachichi letu, ambao Deo alikuwa akiukwea haukuwepo. Hata mahali uliposimama hapakuwepo.

Kiongozi wa wachimbaji, kijana wa heshima aitwaye Bahati, alikuja mwenyewe kunisalimu. "Dada, tunajua kuko kaburi," alisema. "Hatupendi kugusa muntu mwenye alilala. Lakini mawe inapanda kule juu. Tutafanya ule upande mwingine kwanza. Ila musikawiye. Wenzangu wote hawana roho moja."

Nilipanda kaburini. Msalaba ulikuwa umeinama. Niliunyoosha, nikasikia patasi za wachimbaji zikigonga mwamba chini ya miguu yangu, kwa mbali, ndani ya mlima.

Muheto

Mama alinipikia maharage na mihogo ya kuchemsha. Nilipokula nilimuuliza nimpelekee Deo nini kutoka kwake. Nilifikiri atafunga fromaji, ile jibini ya kwetu, au unga, au shati. Alitikisa kichwa.

"Nikimutumia kitu atakula, atashukuru, na atabakia kule," alisema. "Nakutuma weye. Umuambie mama yake angali na uzima. Haya ingine atajisemea mwenyewe."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunishika mkono. Alishika ukosi wa koti langu, akaushikilia muda, kisha akauachia.

Masisi mpaka Nyabiondo

Mvua ilitukuta baada ya Masisi-centre, ile mvua isiyo na haraka ya kwisha. Tope lilimeza gurudumu la nyuma, mnyororo ukakatika, na Innocent kwa mara ya kwanza akaacha kuimba. Tulisukuma moto mpaka tukaona moshi juu ya paa la bati la nyumba moja. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja, Mama Nyota, aliyetutazama mara moja tu, akasema, "Muingie, kabla mapafu yenu hayajalowa."

Alitupa bugali ya mihogo na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Chumvi ilikuwa imekwisha, akaomba radhi, lakini nakwambieni sijawahi kula sombe nikaifurahia vile. Baadaye akatuonyesha chumba alichokitandika vizuri, kitanda kimoja, shuka safi, na ua limewekwa kwenye kikombe.

"Mulale salama, wandoa," akasema.

Innocent alinitazama, mimi nikamtazama. "Mama," nikasema, "huyu hapana bwana yangu. Iko dereva."

Mama Nyota akashika kinywa. "Na vile munagombana mu njia kama watu wameoana!" Alicheka mpaka akakaa chini. Innocent alilala na mbuzi, na asubuhi alinuka hivyo.

Tulikaa pale tukingoja mtu alete mnyororo kutoka Nyabiondo. Mvua ilikuwa ikipita na kurudi. Mama Nyota alinisimulia kwamba wanawe wote watatu walikwenda mashimoni, kila mmoja shimo lake. Mmoja amejenga nyumba ya mabati huko huko. Mmoja hutuma salamu. Wa tatu, mama yake hajui aliko. "Zamani tulikuwa tunazaa watoto ya shamba," alisema huku akichambua maharage. "Sasa tunazaa watoto ya mashimo. Na siwezi kusema iko mubaya tu, hii paa ya juu yetu ilitoka mule. Lakini nyumba iko kimya, dada. Iko kimya sana."

Nilikaa karibu naye, nikachambua maharage pia.

Kuingia porini

Kutoka Nyabiondo barabara inashuka. Baridi ya Masisi inabaki nyuma, miti inafunga mbingu, na jasho linaanza kutoka hata kama umekaa. Tulivuka madaraja ya magogo nikishuka kila mara na kutembea, Innocent akipita na moto huku akitaja majina yote ya watakatifu. Tulisimamishwa na watu wa bariyeri mbalimbali. Wengine walitaka kujua habari za Goma kuliko kitu kingine chochote: mpira, bei ya mchele, nani amefunga ndoa.

Baada ya Walikale-centre, barabara ya moto iliisha. Innocent alibaki kijijini, na mimi nikafuata kundi la wanawake waliokuwa wakipeleka vyakula mashimoni kwa miguu. Tulikutana na wabebaji wakitoka huko, kila mmoja na gunia la mawe mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Wanatembea wameinama, macho chini. Ukiwasalimu hawajibu, pumzi haitoshi.

Mwenzangu wa njiani alikuwa Mama Chantal, mpishi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Tulipopumzika kwenye kijito alinigawia kwanga ya mihogo na makayabu, samaki wa chumvi. Nilimuuliza kama anajua mawe yale yanakwenda kufanya nini.

"Banasema iko mu simu, mu ndege, mu mikebe ya tomati," alisema. "Mimi najua tu kama iko mu diplome ya mutoto wangu. Alisoma Bukavu, alimaliza. Hii bugali yangu njo ilimusomesha." Kisha akaangalia simu yangu niliyokuwa nikiinua juu kutafuta rezo. "Iweke, dada. Apa tunatoaka vitu vya simu, lakini simu yenyewe haikamate."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilipoirudisha mkobani niliiona nzito. Nilifikiri jinsi sisi wa mjini tunavyoongea usiku na mchana, tukimtafuta huyu na yule kwa kidole, na hatuishi tena bila kitu hicho. Na kitu hicho kilipita kwanza mgongoni mwa mtu asiyeweza hata kumpigia mama yake.

Kaburi

Mashimoni ni mji. Sikutegemea hivyo. Kuna nyumba za turubai na mbao, kinyozi, kanisa, vibanda vya ligablo vinavyouza sabuni na betri, muziki kutoka pande tatu. Tope la rangi ya chokoleti limepaka kila kitu.

Mama Chantal aliuliza kwa niaba yangu: nani anamjua Deo, mtu wa Masisi? Sauti zikapungua. Mzee mmoja mchimbaji akavua kofia. Akamwita mwanamke mwingine, wakanong'onezana. Yule mwanamke akaja akanishika mkono, akanikalisha, akanipa maji. Ndugu zangu, mtu akikupa maji kwa namna ile, unaelewa.

"Pole, dada," akasema. "Tulikosa namna ya kujulisha famille."

Walinipeleka nyuma ya kanisa. Kulikuwa na makaburi mengi, mengine na msalaba wa mbao, mengine na jiwe tu. Walinionyesha moja. Udongo ulianguka, walisema, wakati wa mvua za mwaka uliopita. Alikuwa mtu mwema. Nilipiga magoti pale kwenye tope nikalia kilio ambacho sikujua ninacho. Nilimlilia Deo aliyenibeba mgongoni kuvuka mto. Nilimlilia Mama ambaye angenisubiri barabarani. Wanawake walilia pamoja nami, na mmoja akaanzisha wimbo wa msiba, tukauimba wote.

Wimbo ulipokwisha, yule mzee alisema taratibu, kama mtu anayetaka kunifariji, "Na gita yake tungali nayo. Alikuwa anapiga gita sana, watu wanasahau kuchoka."

Niliinua kichwa. "Gita gani?"

"Gita yake. Toka afike."

"Kaka yangu hajui gita," nikasema. "Hata kuimba hajui. Tulikuwa tunamukataza kuimba."

Walitazamana. Wakaniuliza urefu wake. Huyu wao alikuwa mfupi. Wakaniuliza kijiji. Huyu wao alizoea kusema habari za Kitshanga. Mama Chantal akapiga kelele, "Furaha! Huyu hapana wako!"

Nilisimama nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka nikaona aibu. Maana yule Deo wa gita alikuwa bado amelala pale miguuni pangu, na mahali fulani Kitshanga kuna dada yake ambaye hajalia. Nilirudi nikapiga magoti tena. Nilimwambia yule mfu, "Nimekulilia kwa niaba yake." Kisha nikapangusa msalaba wake kwa kitambaa changu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Deo

Ni yule yule mzee aliyekumbuka. "Kuko mwingine wa Masisi, murefu," alisema. "Lakini sisi tunamuitaka Pasta. Hashuke mu shimo bila kusali. Labda njo huyo."

Tulimkuta mdomoni mwa shimo, ametoka punde tu. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, kope pia, taa imefungwa kichwani. Nilimtazama nisimjue. Yeye alinitazama muda mrefu, kisha akasema jina langu la nyumbani, ambalo hakuna anayelijua hapa Goma na sitaliandika. Nikamjua kwa sauti.

Hatukukumbatiana kwanza. Alisogea nyuma akasema, "Nitakuchafua." Nikamvuta.

Alinipeleka kwenye turubai yake, akachemsha chai. Niliona kikombe kimoja tu. Tukanywa kwa zamu. Sikumuuliza kwa nini alinyamaza, lakini alijibu mwenyewe: "Nilisemaka, mwaka huu nitarudi na mabati ya nyumba ya Mama. Ule mwaka ukapita. Nikasema, mwaka wenye unakuja. Muntu anarudi namna gani na mikono mitupu? Unaanza kusikia haya kupiga simu. Halafu haya inakomaa."

"Mama anasema angali na uzima," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa. Akaanza kuuliza mambo madogo madogo, kama anayeingia nyumbani akigusa kuta. Maji ya kisima bado matamu? Jirani yetu mwenye mguu mbovu yupo? Avoka inazaa?

"Avoka haiko tena," nikasema.

"Nani aliikata?"

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza mlima ulivyofunguliwa, kaburi la Baba, maneno ya Mama. Mwisho akauliza, "Banatoa nini mule?"

"Koltani."

"Mu mulima yetu?"

"Mu mulima yetu. Chini ya shamba, chini ya nyumba pia."

Akacheka. Kicheko kile sikukipenda. "Nilitembea pori yote hii," alisema. "Nililala chini ya udongo ya watu wengine, nikizika rafiki zangu moja moja. Na tulikuwa tunalalia mawe ya pesa." Kisha akafunika uso kwa mikono, na vumbi la uso wake likawa tope.

Nilipomwambia twende, alikataa. Alisema mlima umeshakufa, hana la kuzika. Alisema hapa wanamjua, wanamheshimu. Nilikasirika, nikamwambia maneno makali. Nilimwambia kwamba saa chache zilizopita nilimzika, tena kwa wimbo, nyuma ya kanisa lao, na kwamba sitaki kurudia. Hapo ndipo alipotaka kujua. Nilipomsimulia habari ya kaburi la mpiga gita, aliweka kikombe chini.

"Mimi njo nilimutoa mu udongo," akasema. "Kwa mikono yangu. Nilikosa mahali ya kumupeleka."

Akaifungua taa kichwani, akaitundika juu ya mlingoti wa turubai, akasema, "Wa kwetu tuko na mahali ya kumupeleka. Twende."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama zote za kurudi. Deo alipanda nyuma yangu, sisi watatu kwenye moto mmoja, na Innocent alirudia kuimba. Kwa Mama Nyota tulisimama kumpa chumvi. Tulipoanza kupanda kuelekea Masisi-centre na baridi ikatupiga usoni, Deo aliomba tusimame. Alishuka, akavuta hewa kwa nguvu, akakohoa sana, akavuta tena. "Nilisahau hii harufu," alisema. Ilikuwa harufu ya malisho ya ng'ombe na moshi tu. Nami sikuisikia mpaka aliposema.

Muheto, Mama alikuwa barabarani. Alimpapasa uso, mabega, vidole, kama anayehesabu kama vyote vimerudi. Aliingia ndani akaanza kupika, na tulimsikia jikoni akilia juu ya sufuria.

Juu ya mlima

Bahati alitimiza ahadi. Siku tuliyohamisha kaburi aliwasimamisha wenzake wote, wakakaa kimya kwenye mashimo yao, kofia mkononi. Mchungaji alisali. Deo akapiga jembe la kwanza, na udongo ukafunguka kwa urahisi, kama uliokuwa ukingoja. Yeye ndiye aliyeshuka. Alimtoa Baba kwa mikono yake, taratibu, akitumia ufundi alioupata kule chini, akaifunga mifupa kwenye kitenge kipya cha Mama. Tukambeba mpaka Muheto tukiimba, na wachimbaji kadhaa wakatusindikiza.

Jioni Deo alisema atarudi Walikale. Kulima hajui tena, alisema, na hata angejua, alime wapi? Mama alisikia, akaendelea kukunja nguo.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Mama aliketi mlangoni, mikono mapajani, na mimi niliona miaka yote ya kumngoja ikimshukia usoni. Tukakaa vile mpaka Bahati alipotuma mtu: Deo wenu yuko huku Bihambwe.

Mama alichukua fimbo. Nilimwambia tupande moto, hakunisikia. Tulitembea. Tulipofika, Bahati alitupokea akiwa na wasiwasi, akatuonyesha shimo jipya juu kabisa, pale pale kaburi lilipokuwa.

"Alituomba aingie mbele yetu," alisema. "Alisema, kama huu mulima lazima ufunguliwe, afazali mutoto yake akuwe wa kwanza ndani. Sikujua nimukataze namna gani."

Mimi hasira ilinipanda mpaka machoni. Deo aliyetoka kuzika marafiki zake kule, leo anachimba mahali alipolala Baba! Nilikuwa na maneno tayari kinywani. Lakini Mama alinipita. Alitembea mpaka ukingoni, akajishika kwenye fimbo, akainama kuelekea giza.

"Deo!"

Chini huko, chuma kilichokuwa kikigonga kikanyamaza.

"Nakuya, Mama!"

Mama alinyooka. Akatandika kanga yake juu ya udongo mwekundu uliotoka shimoni, akakaa, akanyoosha miguu, akamngoja Deo apande.